Kijana wako alifungwa miaka mingi akiwa mtoto? Anza na kadi ya kliniki

Mama mmoja alinijia hapa Kakamega na bahasha ya kaki. Mwanawe amefungwa miaka 15, na kwenye karatasi ya mashtaka polisi waliandika "mtu mzima". Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi ya kliniki, pembeni imeliwa na mende, wino umefifia, lakini tarehe inasomeka: Agosti 2006. Kosa lilitendeka Machi 2023. Tukahesabu kwa vidole, miaka 16 na miezi saba. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama huyu kadi hiyo. Iliniuma sana.

Kwa hivyo tafuta ushahidi wa umri kabla ya kitu kingine chochote: kadi, cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, rekodi ya shule. Vikikosekana vyote, omba mahakama iagize apimwe umri hospitalini, ila daktari hutoa makadirio tu, na mwaka mmoja ukizidi kijana ameumia. Onyesha umri wake siku ya kosa.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zote zikishindikana, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi kabisa unaofaa, tena mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 hairuhusu mtoto kufungwa jela. Kuna probesheni (kuachwa nje chini ya uangalizi), shule ya urekebishaji, au borstal (taasisi ya kuwafunza vijana wakosaji) kama Shikusa hapa kwetu, ambako muda ni miaka 3. Linganisha na hiyo 15!

Rufaa kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Zikipita, usikate tamaa, omba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda. Nenda masijala na namba ya kesi, uombe nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu. Kijana mwenyewe anaweza kumkabidhi mkuu wa gereza rufaa yake, naye ataifikisha mahakamani. Mwambie aandike pia siku zote alizokaa rumande, maana sheria inataka zihesabiwe.

Nikuambie ukweli, mama: kwa aliyekosa akiwa mtoto lakini akavuka miaka 18 kabla ya kuhukumiwa, majaji hawajafuata njia moja. Ndiyo maana karatasi za umri ziwe safi.

Kadi yenyewe usimwachie mtu. Toa nakala, ithibitishwe, halisi irudi kwenye bahasha.