Namna ya kujua jina la ukoo la Mchina: Chen, Chan na Tan ni wale wale, Wong na Wong huenda siyo

Ukikutana na Chen, Chan, Tan na Chin kwenye karatasi nne tofauti usidhani umeona koo nne. Mara nyingi ni ukoo mmoja tu, herufi moja ya Kichina, 陈, ila kila mtu kaandikishwa kwa lugha ya kwao na kwa jinsi karani wa siku hiyo alivyosikia. Na kinyume chake kipo, Wong wawili wamekaa meza moja na hakuna kinachowahusu. Kwa hiyo kama unaagiza mzigo Guangzhou na muuzaji kajitambulisha kuwa ni Wong halafu akaunti aliyokutumia inasoma Huang, au unamtafuta babu yako Mchina wa Mauritius au Madagascar, au basi tu umebishana na watu kijiweni kama Bruce Lee na Jet Li ni ukoo mmoja, soma hapa.

(Bruce na Jet ndiyo, jina ni lile lile, 李. Undugu wa damu huo sahau, akina Li kwa China peke yake wamepita milioni 90. Wang, Li na Zhang ndo majina yanayoongoza na yanafuatana kwa karibu sana.)

Kwanza ujue la ukoo ni lipi

Kwa Mchina jina la ukoo linatangulia. Yao Ming yule wa kikapu ukoo wake ni Yao, siyo Ming, na ukimwita Bwana Ming umemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Shida ni kwamba wengi wakitoka nje wanageuza ili wafanane na Wazungu, au wanaweka jina la Kizungu mbele, ndo unapata Jackie Chan, Michelle Yeoh, Jack Ma, hapo ukoo umehamia mwisho. Sasa ukiona jina kama Li Yang utajuaje? Tazama karatasi rasmi. Pasipoti ya China na kitambulisho cha Hong Kong vinaweka jina la ukoo halafu mkato halafu mengine. Kama huna karatasi, angalia urefu, ingawa kwa Li Yang hautakusaidia: jina la ukoo karibu siku zote ni silabi moja na jina la mtu mara nyingi ni mbili. Ya ukoo yenye silabi mbili yapo ila ni machache, Ouyang, Sima, Zhuge, Situ (huyu Hong Kong anaandikwa Szeto), Shangguan.

Na wanawake hawabadili jina wakiolewa. Mama anaitwa Chen, baba Huang, watoto Huang, ni kawaida kabisa, usifikiri kuna jambo limefichwa. Hong Kong kuna wanaobandika la mume mbele ya la kwao, mfano Carrie Lam aliyekuwa kiongozi wa kule jina lake kamili ni Carrie Lam Cheng Yuet-ngor, Lam ni la mume na Cheng ndo la kwao.

Halafu soma spelingi, itakwambia mtu katokea wapi

Wachina wanaandika herufi zile zile lakini wanazitamka tofauti kabisa, Mkantoni (mtu wa Guangdong au Hong Kong) na mtu wa Beijing kila mmoja akiongea cha kwao hawaelewani. Wanaotoka kusini, Guangdong na Fujian, ndo waliohama sana zamani, kwa hiyo majina mengi ya Wachina wa nje yameandikwa kwa lugha za huko, Kikantoni, Kihokkien, Kiteochew au Kihakka, na siyo Kimandarin, lugha rasmi ya China. China bara yenyewe tangu 1958 inatumia pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, yaani kila kitu kinaandikwa kwa matamshi ya Kimandarin hata kama mwenye jina nyumbani anaongea Kikantoni.

Kwa hiyo tazama herufi za Kilatini. Ukiona X, Q au Zh (Xu, Qiu, Zhang) hiyo ni pinyin, huyo ni wa China bara au ameandikishwa kwa utaratibu wa bara. Ukiona Hs au Ts, kama Hsu, Hsieh, Tsai, wazia Taiwan (ingawa Ts ipo Hong Kong pia, kama Tse), kule wengi bado wanatumia mfumo wa zamani uitwao Wade-Giles, na Tsai Ing-wen aliyekuwa rais wao kwa pinyin angekuwa Cai. Ukiona Tj au Oe, kama Tjoa na Oei, hiyo ni Indonesia, spelingi ya Mholanzi.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ya herufi ya mwisho. Silabi ya Kimandarin haiishii na m, p, t wala k. Haiwezi. Kwa hiyo Lam, Lim, Yip, Yap, Kwok, Tam, hao wote ni spelingi za kusini na ukitaka ya bara lazima ubadilishe: Lam na Lim ni Lin, Yip na Yap ni Ye, Kwok ni Guo, Tam ni Tan. Ip Man mwalimu wa Bruce Lee kwa hiyo ni Ye. Ila angalia usiwachanganye na Wakorea, Kim na Park si Wachina.

Mengine ya kukariri maana utakutana nayo sana: Zhang anakuwa Chang Taiwan, Cheung Hong Kong, Teo au Teoh Singapore na Malaysia. Zhou ni Chow na Chou, yaani Stephen Chow, Chow Yun-fat, Jay Chou na Zhou Enlai wote ni 周 na hakuna anayeandikwa kama mwenzake ukitoa wale wawili wa Hong Kong. Yang ni Yeung na Yeoh. Cai ni Tsai, Choi, Chua. Xie ni Hsieh, Tse, Chia. Liu ni Lau. Halafu kuna Ng, hilo linawatesa Wazungu miaka yote lakini sisi tunalo mdomoni, ni ile ng' ya ng'ombe bila kumalizia, basi.

Lü nayo ina vituko vyake kwa sababu ile ü haipo kwenye kibodi za kawaida. Pasipoti za sasa zinaandika LYU, za zamani zinaandika LV, na tiketi ya ndege mtu anaweza kuandika LU. Ukimkatia mgeni wako tiketi nakili kilichopo kwenye pasipoti yake, usijifanye unajua.

Mitego

Hapa ndo watu wengi wanapotea, maana wanachukua orodha ya intaneti na kubadilisha tu. Spelingi moja inaweza kubeba koo mbili au zaidi.

Wong kwa Kikantoni ni 王 (Wang) na pia ni 黄 (Huang), na yanatamkwa sawasawa hadi toni. Wakantoni wenyewe inabidi waulizane, wewe ni Wong wa mistari mitatu au Wong wa tumbo kubwa? Ile 王 ina mistari mitatu ya kulala, na 黄 ukiitazama kweli ina tumbo. Mtengeneza filamu Wong Kar-wai ni wa mistari mitatu, mwanaharakati Joshua Wong ni wa tumbo.

Ng wa Hong Kong mara nyingi ni 吴, pinyin Wu. Ng wa Kiteochew au Kihokkien kule Singapore anaweza kuwa 黄, yule yule Huang. Tan wa Singapore ni 陈, Chen wa bara, lakini Tan wa China bara ni ukoo mwingine kabisa, 谭, huyo ndo Tam wa Hong Kong. Cheng wa Hong Kong mara nyingi ni Zheng wa bara (Carrie Lam ni wa hawa), wakati Cheng wa bara mara nyingi ni 程. Kwa hiyo bila kujua mtu katokea wapi spelingi peke yake haikusaidii.

Omba herufi yenyewe

Njia ya uhakika ni kumwomba mtu akuandikie jina kwa Kichina kwenye meseji, hachukii, wao kwa wao wanafanya hivyo kila siku. Kwa mdomo wanalivunja jina vipande: Zhang wa "upinde na refu", Li wa "mti na mtoto", Lin wa "miti miwili", Wu wa "mdomo na mbingu". Ukishaipata ikopi uiweke kwenye programu ya kamusi na itakupa matamshi yote. Kuna herufi zina sura mbili, ya zamani na iliyorahisishwa, 陳 na 陈, 劉 na 刘, 葉 na 叶, hizo ni jina moja.

Turudi kwa yule muuzaji wa Guangzhou. Mdomoni ni Wong, kwenye benki ni Huang, hilo linawezekana na si lazima awe tapeli, lakini usimwamini kwa sababu umesoma mwongozo huu. Mwombe picha ya leseni ya biashara, pale kuna jina la mwakilishi wa kampuni kwa herufi za Kichina, halafu linganisha na herufi za jina la akaunti moja moja. Kama leseni ina 黄 na akaunti ina 王 hao ni watu wawili, hata akikwambia vyote vinasomeka Wong. Na kama anadai ni kampuni, kwa nini hela iende akaunti ya mtu binafsi? Hilo swali uliza hata majina yakilingana.

Asili ya hayo majina

Mengi yalianza kuwa majina ya dola ndogo ndogo za kale: Chen, Zheng, Wu, Zhao, Song zilikuwa nchi, zilipoanguka watu wakabaki na jina. Mengine ni vyeo, Sima ilikuwa cheo cha msimamizi wa mambo ya vita, mengine kazi, Tao ni wafinyanzi. Ukoo wa Lin wanasimulia kwamba Bi Gan, mtu wa nyumba ya kifalme ya Shang, aliuawa na mfalme, mkewe akakimbilia msituni akajifungulia huko, na Lin maana yake msitu. Zhao ndo inafungua orodha maarufu ya majina waliyokuwa wanakaririshwa watoto, Baijiaxing, na sababu ni kwamba iliandikwa wakati wa utawala wa Song na mfalme alikuwa Zhao. Ungethubutu kuweka lingine mbele?

Kwa watu wa pwani kuna moja tamu. Zheng He, yule amiri ambaye merikebu zake zilifika hadi huku kwetu na enzi zake mwaka 1415 twiga wa Malindi akapelekwa China, hakuzaliwa Zheng. Alizaliwa Ma, familia ya Waislamu wa Yunnan, baba na babu waliitwa Haji, na Zheng alipewa na mfalme Yongle. Kwa Waislamu wa China Ma mara nyingi inatokana na Muhammad, walichukua silabi wakaipatia herufi iliyopo, 马, ambayo ni farasi. Siyo kila Ma ni Mwislamu lakini, Ma wengine wanarudi kwa jenerali Zhao She wa zamani za kale aliyepewa cheo cha Bwana wa Mafu.

Majina yaliyoharibika njiani

Ukitafuta babu visiwani jihadhari sana. Mauritius makarani walichukua jina zima au kipande chochote wakalifanya la ukoo. Sir Moilin Jean Ah-Chuen, yule wa noti ya rupia 25, ukoo wake wa Kichina ni Chu, pinyin Zhu, 朱. Hiyo "Ah" ni namna ya kuitana tu nyumbani, haina ukoo ndani yake. Jean Ping wa Gabon aliyeongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika, baba yake alikuwa Cheng Zhiping, kilichobaki kwa mtoto ni mkia wa jina la baba. Ufilipino Kihokkien kimeunganishwa kikawa neno moja refu, Cojuangco. Indonesia kuanzia 1966 serikali iliwasukuma Wachina wachukue majina ya kienyeji na wengi wakaficha la zamani ndani ya jipya, tajiri Liem Sioe Liong akawa Sudono Salim, msikilize huyo Liem ndani ya Salim. Marekani ni balaa zaidi, sheria ya 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia, tetemeko na moto wa San Francisco 1906 vikaunguza kumbukumbu, watu wakanunua karatasi za kuwa watoto wa wenye uraia, kwa hiyo familia inaitwa Lee kwenye hati na nyumbani kwa siri ni ukoo mwingine.

Ukikwama hivyo nenda makaburini. Kaburi la Mchina mara nyingi limeandikwa kwa herufi za Kichina hata kama hati zote ni za Kifaransa, katikati ni jina kamili na juu au pembeni ni wilaya au kijiji alichotoka. Piga picha safi, jioni jua likiwa upande michongo inaonekana vizuri. Ukiwa na ukoo na kijiji unaweza kutafuta kitabu cha ukoo, wanakiita zupu au jiapu, maktaba ya Shanghai inavyo vingi mno na tovuti ya FamilySearch wameweka vingi mtandaoni bure. Tafuta kwa herufi, ukitafuta kwa pinyin utazama. Angalia pia silabi ya katikati ya majina, ndugu wa kizazi kimoja wengi wanachangia herufi moja, na vitabu vinaorodhesha hizo herufi kwa kufuatana, ndo utajua babu yako alikuwa kizazi cha ngapi.

Bibi ni kazi nyingine. Vitabu vya zamani vinamwandika mke kwa ukoo wa kwao tu, "Huang shi", yaani mwanamke wa akina Huang, jina lake halimo. Utampata kwenye kitabu cha mumewe, halafu inabidi uanze upya kijijini kwao, na kule huenda wameandika watoto wa kiume tu.