Jinsi ya kucheza Contra ya zamani kwenye PS4 mpaka pedi iitike kama enzi zile za kaseti

Wadau, nimetoka kumsetia shemeji yangu Contra, alikuwa analalamika gemu imekuwa ngumu kuliko ile tuliyocheza kwenye kaseti, anaruka anakufa, analala anakufa, akaanza kusema mikono imezeeka. Mikono iko sawa kabisa. Shida ni TV, na naona wengi mnakwama hapohapo.

Hatua ya 1. Ingia PS Store nunua Contra Anniversary Collection, Konami waliitoa 2019. Wenye Xbox One na Switch ipo pia.

Hatua ya 2. Chagua toleo. Humo ndani kuna Contra nyingi. Ile ya arcade, zile mashine za kutumbukiza sarafu, ya 1987 skrini yake ilikuwa ya kusimama, kwa hiyo kwenye TV inakaa katikati na pembeni panabaki peusi. Tuliyoizoea sisi ni ya NES, ile mashine ya kaseti ya Nintendo, ya 1988, cheza hiyo. Kwangu mimi ndiyo bora, ni nyepesi na inaenda mbio. Ukikuta jina Probotector, hayo ni matoleo ya Ulaya, askari waligeuzwa maroboti.

Hatua ya 3. TV. Hapa usiruke hata mstari. Flati za siku hizi kabla hazijakuonyesha picha zinaipamba kwanza, zinalainisha mwendo, zinanoa, zinakoleza rangi, na yote hayo yanakula muda. Contra inaenda picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo TV ikichelewa milisekunde 100 tu umeshaachwa picha 6 nyuma, na kwenye hii gemu risasi moja ndio kifo na silaha yako inapotea. TV za chogo hazikuwa na mambo hayo ndio maana tulikuwa tunaruka vizuri.

Washa PS4 kwanza, iwe inaonekana kwenye skrini, ndio uingie setingi za TV kwa rimoti. Mpangilio ni muhimu kwa sababu TV nyingi zinasevu setingi kwa lile tundu la HDMI unaloangalia wakati huo, ukiseti ukiwa kwenye king'amuzi umefanya kazi bure, na siku ukihamisha kebo tundu lingine unaanza upya. Tafuta hali ya picha inayoitwa Game. Kwenye Samsung nyingi huikuti kwenye picha, iko General halafu External Device Manager. Kama kulainisha mwendo bado kumewaka kuzime, LG wanakuita TruMotion, Sony Motionflow. Rangi zitaonekana zimepooza kidogo, tafadhali usirudishe kama mwanzo! Na kama sauti unaipitisha spika ya bluetooth chomoa, inachelewa nayo na utadhani hujarekebisha kitu.

Kupima, anza steji ya kwanza, simama, bonyeza kuruka mara mojamoja huku unaangalia miguu ya jamaa. Kidole kikishuka na miguu iachie ardhi palepale. Ukiona kuna kasubira hata kadogo, rudi setingi.

Hatua ya 4. Tumia vile vitufe vya mishale, achana na analogi, kile kijiti cha kuzungusha. Analogi utataka kulala itakupeleka mshazari.

Hatua ya 5. Maisha 30. Kwenye skrini ya jina la gemu: juu juu, chini chini, kushoto kulia kushoto kulia, B, A, halafu Start. Mkiwa wawili, kabla ya Start bonyeza Select. Pedi ya PS4 haina B wala A kwa hiyo kumbuka hivi, B ni ya risasi, A ni ya kuruka. Bila hiyo unapewa 3.

Hatua ya 6. Cheza. Okota S, silaha inayotawanya risasi, ukiishika usiiachie, ukiona L, ile ya leza, ikija iruke isikuguse maana itakunyang'anya S yako. Ukiwa kwenye maji bonyeza chini, unazama na risasi zinapita juu. Steji ya tatu, ya maporomoko, mkiwa wawili aliye juu akikimbilia kupanda skrini inapanda naye na wa chini anakufa, kwa hiyo atangulie mwenye S asafishe njia, akifika jiwe la juu asimame mpaka mwenzake afike naye.