Kidani cha kundan: kukichagua na kukitunza Kisumu

Kabla ya kuuliza bei, kigeuze. Kundan halisi ya Jaipur au Bikaner, India, kwa kawaida huwa na mgongo uliopambwa: maua ya rangi ya kuchoma, nyekundu, kijani na nyeupe, yaitwayo minakari. Ukiona shaba tupu na alama za gundi, hicho ni cha kuiga chenye vito vya kioo. Kwa sherehe moja kinatosha kabisa, ila usikilipie bei ya dhahabu.

Kundan ni jina la dhahabu safi inayoshikiza vito, wala si la kito. Ganda la dhahabu hujazwa lakiri, aina ya utomvu mgumu, kito huketishwa juu ya karatasi nyembamba inayong'aa, halafu fundi hushindilia vipande laini vya dhahabu kukizunguka mpaka kishike bila kucha za chuma. Almasi isiyochongwa inayowekwa hivyo huitwa polki. Basi uzito wa mizani una lakiri na vito ndani yake. Dai risiti iandike gramu za dhahabu peke yake, pamoja na karati. Kisha kitikise karibu na sikio. Kikilia kama punje kwenye kibuyu, lakiri imepasuka. Kito chenye kivuli cheusi chini yake kimeshaingia maji.

Maji ndiyo adui mkubwa, na hapa kando ya ziwa jasho halikosekani. Paka manukato kwanza, yakauke, ndipo uvae. Ukivua, futa kwa kitambaa laini kikavu, ukiache mezani nusu saa, kisha ukifunge kwa pamba, peke yake, na kipakiti cha kunyonya unyevu. Sabuni, ndimu na dawa ya meno, hapana. Usikiache ndani ya gari juani: lakiri hulainika, vito vikalegea.

Ile kamba ya nyuma huchakaa mapema, ibadilishe tu. Ndiyo inayokuwezesha kukishusha juu ya gauni lisilo na nakshi au kukibana shingoni juu ya sari, na ndiyo maana mabinti huvaa vya bibi zao bila kuvikata.

Kito kikidondoka, hifadhi kito na karatasi yake, usiguse supagluu. Muulize sonara kama atachomelea. Akisema ndiyo, kichukue uondoke nacho, kwa sababu moto utayeyusha lakiri na vito vyote vilegee.