Kuomba ruzuku ya kuhifadhi asili mjini: hatua kwa hatua, na barua moja iliyonikesheza

Juzi nimemaliza kukaa na mama mmoja ambaye kikundi chake kinatunza ukingo wa kijito kinachokatiza mtaa wao. Wako watu kumi na wanne, wana majembe, reki na daftari la mahudhurio lililolowa mvua mara mbili. Walitaka pesa za kung'oa magugu vamizi na kurudisha miti ya asili, na walikuwa wamekwama palepale nilipokwama mimi miaka kadhaa nyuma. Nimeona niandike yote mara moja.

Mwongozo huu ni wa vikundi vidogo. Kama mna mhasibu na gari lenye nembo mlangoni, hamna haja nao.

Hatua ya 1: Usajili na akaunti

Hii mnaijua. Angalieni tu jina la kwenye cheti lifanane na la benki herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: Mchague mfadhili kwa kuangalia alichokwisha kulipia

Ruka ukurasa wa "dira na dhamira". Nenda kwenye orodha ya miradi waliyoipa pesa miaka iliyopita, utafute hata mmoja uliofanyika ndani ya jiji. Wafadhili wengi wa bioanuwai (yaani aina zote za viumbe hai) wakifikiria asili wanaona msitu mkubwa au miamba ya matumbawe. Mji kwao ni mahali pa kushukia ndege. Kama orodha yote ni nyani na kasa, usipoteze wiki zako.

Kila mfuko una tabia yake. Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund hutoa hadi dola 25,000, na pesa yao inafuata spishi. Ukienda na "bustani ya jamii" utarudi mikono mitupu. Ukienda na chura aliye hatarini ambaye amebakiwa na dimbwi moja nyuma ya kituo cha mabasi, mna la kuzungumza. Rufford Foundation ya Uingereza husaidia miradi midogo katika nchi zinazoendelea, tena kwa ngazi: unamaliza ruzuku ya kwanza ndipo unaomba ya pili. Critical Ecosystem Partnership Fund, ulioanza mwaka 2000, unabaki ndani ya yale maeneo ya dunia yenye walau spishi 1,500 za mimea isiyopatikana kwingine na yaliyokwisha kupoteza asilimia 70 au zaidi ya uoto wake wa asili. Mji wako ukiwa ndani ya eneo la namna hiyo, liseme hilo kwenye aya ya kwanza.

Kwa kikundi kinachoomba mara ya kwanza, mimi ningeanzia kwenye programu ya ruzuku ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira wa Dunia), inayoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Hiyo si pesa ya tajiri mmoja, ni ya serikali, lakini mwamuzi ni kamati ya nchi husika, na mratibu ni mtu unayeweza kumfuata ukamwuliza swali la kijinga kabla hujaliandika.

Zile orodha za "fursa mia za ufadhili" zinazozunguka kwenye simu, zifute. Nusu yake zimeshafungwa.

Hatua ya 3: Hesabu kilichopo kabla ya kugusa jembe

Usipohesabu leo, mwakani hutakuwa na cha kulinganisha. Mimi natumia iNaturalist, programu ya simu ya kurekodi viumbe kwa picha, na lahajedwali moja, basi. Wanaotengeneza fomu za kisasa zenye maswali arobaini huishia kuzijaza wiki mbili tu.

Chagueni njia moja ya kutembea, saa ileile, kila baada ya wiki mbili. Pigeni picha ndege, vipepeo, mimea, hata kuvu. Picha ikithibitishwa na watambuzi wengine, rekodi inaweza kuingia kwenye GBIF, hazina ya dunia ya takwimu za viumbe iliyo wazi kwa wote, mradi umechagua leseni inayoruhusu. Na mche uliopandwa na binadamu lazima uwekewe alama kwamba umepandwa. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilipakia miche yake yote kana kwamba imejiotea. Anayekagua maombi akifungua ramani akakuta miti sitini ya umri mmoja katika mstari ulionyooka, hata idadi yenu ya ndege hataiamini tena.

Hatua ya 4: Barua ya ardhi

Kaa vizuri hapa.

Mjini hakuna kipande kisicho na mwenyewe, hata kile kilichojaa taka. Mfadhili anachotaka kujua ni nani anayemhakikishia kwamba miaka mitano ijayo mahali pale hapatakuwa maegesho ya magari. Mara yangu ya kwanza niliambatisha barua ya idara ya bustani ya jiji, yenye sahihi na muhuri wa duara, nikalala usingizi mnono. Likaja swali la mstari mmoja: ukingo wa mto uko chini ya mamlaka gani?

Siku nne za kuzunguka maofisini na usiku mbili za kuandika upya ndizo zilizonipa jibu. Ukanda wa karibu na maji ulikuwa wa mamlaka ya maji. Juu yake palikuwa pa jiji. Mwisho wa kipande paliingia hifadhi ya barabara iliyotengwa kwa upanuzi. Na katikati zilipita nyaya za umeme, ambapo mti mrefu hauruhusiwi kabisa, nami nilikuwa nimechora mitini minane. Wakubwa wanne kwenye eneo lisilozidi uwanja wa mpira! Dirisha la maombi likafungwa nikiwa bado kwenye foleni.

Siku hizi nafanya hivi. Kwanza natembea mpaka wa eneo nikiwa na simu inayorekodi njia, naichapisha ile ramani, naipeleka ofisi ya ardhi na maswali matatu: nani mmiliki, nani msimamizi, na nani ana haki ya kupitisha kitu juu au chini yake. Hilo la tatu ndilo watu husahau. Bomba la majitaka halionekani mpaka mizizi ilifikie.

Pili, barua naiandika mwenyewe, naipeleka ikiwa tayari. Ofisa anarekebisha haraka kuliko anavyotunga. Iseme eneo na ukubwa wake, kazi mnazoruhusiwa kufanya, nani atatunza miti mradi ukiisha, na muda wa taarifa watakaowapa mipango ikibadilika. Miaka ya ruhusa izidi miaka ya mradi. Barua inayosema tu "hatuna pingamizi" ni dhaifu: asiye na pingamizi leo anaweza kuwa nalo kesho. Isainiwe kwa cheo, maana maofisa huhamishwa. Na usitoe "chai" ili iharakishwe. Hiyo chai haina risiti, na mkaguzi ataiulizia.

Tatu, barua ya serikali haiwaondolei riziki watu wanaotumia eneo lile: waosha magari, wachungaji wa mbuzi, wakulima wa mboga, wenye vitalu vya miche. Waiteni kikaoni kabla ya maombi, muandike muhtasari, majina na walichokubali. Mfadhili makini atauliza kama kuna anayesukumwa nje. Wenye vitalu, hasa, wapeni zabuni ya kuotesha miche. Wanajua mbegu kuliko sisi wote.

Kama eneo ni la shule, kanisa, msikiti au kiwanda, mara nyingi ni rahisi zaidi: mwenyewe ni mmoja. Ila taka makubaliano yaliyopitishwa na bodi, yenye kumbukumbu za kikao. Neno la mkuu aliyekupenda halitoshi.

Na barua isipopatikana kabla ya tarehe ya mwisho? Ambatisha nakala ya ombi lenu lenye muhuri wa kupokelewa, halafu fanya makubaliano yaliyosainiwa kuwa tokeo la kwanza la mradi, pesa ya kupanda itolewe baada yake. Yule mama amefanya hivyo, na mfadhili amekubali.

Hatua ya 5: Bajeti

Kupanda ni siku moja, kumwagilia na kupalilia ni misimu. Weka mtunzaji anayelipwa, maji, uzio na miche ya kufidia itakayokufa. Nikiona bajeti ambayo miche na fulana zimekula zaidi ya nusu, naifuta yote.

Matengenezo ndiyo yanayowapa shida hata wakubwa. Central Park Conservancy, shirika linalotunza bustani kubwa ya Central Park jijini New York, iliundwa 1980, bustani ikiwa imechakaa, na ilipopewa dola milioni 100 na tajiri John Paulson mwaka 2012, nusu ilikwenda kwenye mfuko wa akiba unaozalisha pesa ya matunzo. Ninyi hamtapata milioni mia. Lakini mstari wa "matunzo baada ya mradi" hauna gharama kuuandika, na usipokuwepo unaonekana.

Hatua ya 6: Andiko lenyewe

Kurasa chache, lugha ya kawaida. Taja lengo la 12 la makubaliano ya kimataifa ya bioanuwai ya Kunming-Montreal ya Desemba 2022, linalohusu maeneo ya kijani na ya maji mijini, kwa sentensi moja, halafu rudi kwenye kijito chenu.

Hatua ya 7: Mkishapata

Mvua ikichelewa na miche ikafa, mwandikie mfadhili wiki hiyohiyo, na picha. Usingoje ripoti ya miezi sita. Mama yule ameshaniuliza kama aanze kwa kupiga picha miche iliyo hai au iliyokufa. Nimemwambia zote, kutoka mahali pamoja palipowekwa kigingi.