Kuvuka kwa kayaki katika ukungu: pwani ya Maine

Ukungu wa Maine, Marekani, hutanda zaidi kati ya Juni na Agosti, hewa yenye joto na unyevu inapopita juu ya maji baridi. Usingoje upepo wa kusini-magharibi uuondoe. Mara nyingi ndio unaouleta.

1. Nchi kavu, andika kila kivuko: mwelekeo, umbali, dakika. Ukipima mwelekeo kwa kaskazini ya kweli (ile ya ramani, si ya sindano ya dira), jumlisha takriban nyuzi 15 kupata usomaji wa dira, kwa sababu huko sindano huelekea magharibi ya kaskazini ya kweli. Weka redio mbali na dira: spika yake ina sumaku.

2. Visiwa vya mbali vikianza kufifia, soma dira na saa papo hapo, kabla hujapotea. Kusanyeni kayaki, zisiachane zaidi ya urefu wa makasia mawili. Kama mbele kuna njia ya meli, rudini ufukweni mkasubiri. Hapa hakuna ushujaa.

3. Hesabu mkondo. Kwa kasi ya noti 3 (maili 3 za baharini kwa saa), maili 1.5 za baharini ni dakika 30. Mkondo wa noti 1 ukikusukuma ubavuni utakupeleka nusu maili kando, na kisiwa utakipita bila kukiona. Elekeza omo, yaani mbele ya kayaki, nyuzi 20 upande mkondo unakotoka. Muda utafika dakika 32 hivi.

Unapotafuta gati kwenye ufuo mrefu, usililenge moja kwa moja. Ongeza nyuzi 10 upande huohuo mkondo unakotoka: utafika karibu mita 500 kando, na utajua ugeukie wapi. Kwa kisiwa kidogo usifanye hivyo, utakikosa kabisa.

4. Piga honi au filimbi angalau kila dakika 2, kisha acheni kupiga kasia msikilize. Mlio mmoja mrefu ni chombo cha injini kinachotembea, miwili, kimesimama. Boti za wavuvi wa kambakoche husimama kwenye boya la mtego, halafu huondoka ghafla kwa kasi. Zina rada, lakini kayaki ya plastiki iliyo chini kati ya mawimbi huenda isionekane kabisa.

5. Kabla ya kuvuka, tangaza kwenye chaneli 16 ya VHF, redio ya baharini: idadi ya kayaki, mahali mlipo, mnakoelekea, dakika. Usipojibiwa, usidhani umesikika.