Kubadili "a-" kuwa "ni-": njia yangu ya kumjua msimulizi

Kwa miaka mingi nilifundisha mtazamo wa msimulizi kwa sentensi mbili: akisema "mimi" ni nafsi ya kwanza, akisema "yeye" ni ya tatu. Wanafunzi wakanakili, riwaya ikabaki imefungwa. Siku hizi kwenye tuisheni yangu hapa Uyole naanza na penseli na kifutio.

Chukua aya moja, mistari kumi inatosha. Badili viambishi vyote vya mhusika mkuu: "a-" iwe "ni-", "-m-" iwe "-ni-", "-ake" iwe "-angu". Kisha soma kwa sauti. Ulimi ukikwama, piga mstari.

Hii niliitunga ubaoni:

"Alishuka kwenye kosta pale Kabwe na kiroba cha parachichi. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakujua kwamba mama muuza chai alikuwa anamwonea huruma."

"Nilishuka kwenye kosta" inapita. "Macho yangu yalikuwa mekundu" inakwama: uliyaona kwa kioo gani? Itabidi uandike "macho yalikuwa yananiwasha". Kumbe sentensi ya awali ilisemwa na mtu aliyesimama pembeni akimtazama.

Ya tatu ndiyo tamu. "Sikujua kwamba mama muuza chai alikuwa ananionea huruma." Kama hukujua, unatusimuliaje? Binti mmoja wa Tukuyu alinijibu hata sijamaliza kuuliza: "Mwalimu, si aliambiwa baadaye!"

Ndiyo. Basi "mimi" wako wawili, aliyeshuka kwenye kosta na anayekumbuka. Katika Great Expectations ya Charles Dickens (1860–61), Pip mtu mzima anamsimulia Pip mtoto, na anamwonea aibu jinsi alivyomdharau Joe, shemeji yake mhunzi aliyemlea. Ukijibu "nafsi ya kwanza" ukanyamaza, umempoteza Pip mmoja.

Kwenye "yeye" nauliza swali moja tu: anaingia mioyo mingapi? Kwa mazoezi weka mezani riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika (1971) ina msimulizi anayeingia mlango wowote. Kichwamaji (1974) inasemwa kwa "mimi" na Kazimoto mwenyewe, mhusika mkuu.

Halafu uliza msimulizi alikuwa wapi, na alifanya nini. Hapa huwa nachelewesha darasa. Katika Wuthering Heights ya Emily Brontë (1847), sehemu kubwa inasimuliwa na Nelly, mtumishi wa nyumba. Catherine, binti wa nyumba hiyo, anamwambia Nelly kwamba kuolewa na Heathcliff, kijana aliyelelewa naye, kutamshusha hadhi. Heathcliff yumo humo humo, kwenye benchi. Anasikia hayo, anatoka, na maneno ya mapenzi yanayofuata hayasikii. Nelly anamwona akitoka na hamwambii Catherine papo hapo. Kwa hiyo mtu tunayemtegemea atueleze balaa la wawili hao kutengana ana mkono wake ndani ya balaa. Sijui kwa nini vitabu vya maswali na majibu humwita "shahidi" tu.

Kazi ya nyumbani ni kuiandika ile aya ya Kabwe upya, safari hii "mimi" awe mama muuza chai. Wengi walimfanya alie naye. Yule wa Tukuyu alileta mistari minne: mama anakitazama kiroba, anakisia bei, anajiuliza kama kijana atanunua chai. Macho hakuyaona kabisa.