Jaribio la chupa tatu: jinsi joto linavyoharakisha bakteria kwenye maziwa

Maziwa hayaharibiki ghafla. Bakteria mmoja akigawanyika kila baada ya dakika 30, baada ya saa 5 wamekuwa 1,024, na huenda ulimi bado haujahisi kitu. Ndiyo maana napenda kuanza na rangi inayopotea bakteria wanapoongezeka, badala ya kuonja.

1. Chemsha chupa tatu na vifuniko vyake kwa dakika 10. Usiruke hatua hii: chupa chafu itakupa majibu ya uchafu, si ya joto.

2. Koroga maziwa mabichi, yagawe sawasawa. Moja weka kwenye jokofu la 4°C, ya pili mahali penye 20°C hivi, ya tatu kwenye maji ya 37°C. Pima kwa kipimajoto, usikisie. Ziache saa 6.

3. Chukua mililita 10 kutoka kila chupa, tia kwenye neli safi ya maabara, ongeza mililita 1 ya methilini ya bluu, yaani rangi ya maabara iliyoandaliwa kwa kupima maziwa. Ziba, pindua neli taratibu mara moja, kisha weka zote kwenye maji ya 37°C, gizani.

4. Angalia kila nusu saa bila kutikisa. Hapa ndipo wengi hukosea: ukitikisa unaingiza oksijeni, na bluu inarudi. Bakteria wanapoimaliza oksijeni, rangi hupotea; wakiwa wengi, hupotea mapema. Juu kabisa patabaki na bluu kidogo kwa sababu ya hewa, kwa hiyo hesabu neli imekwisha sehemu nne kati ya tano zikiwa nyeupe.

Kwa kawaida ya 37°C hutangulia, na ya jokofuni huja mwisho kabisa. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto karibu na hilohilo la 37°C, kwa hiyo saa za kwanza baada ya kukamua ndizo zenye thamani kubwa. Poza mara moja, wala usimimine maziwa ya moto juu ya yaliyokwisha kupoa.

Ila baridi haiui, inachelewesha tu. Bakteria kama *Pseudomonas* na *Listeria* huendelea kukua hata kwenye 4°C. Kuua bakteria wa magonjwa kunahitaji 63°C kwa dakika 30, au 72°C kwa sekunde 15.

5. Rudia hatua ya 3 na 4 kwa chupa ya jokofuni baada ya siku 3, kisha siku 6, ukiandika muda kila mara. Maziwa yote ya jaribio yamwage.